Siku ya Akiba Iliyokosekana: Uchambuzi wa Kisa cha Mtumbwi Uliopinduka Kaskazini mwa Ontario

Kuhusu kisa hiki

Kisa ninachokieleza hapa kilitokea mwishoni mwa mwezi wa Mei, katika ziwa lisilo na makazi ya watu kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario, Kanada. Nimezungumza na wote wanne waliohusika, kila mmoja peke yake, na nimeona kumbukumbu ya njia iliyohifadhiwa na kifaa chao cha setilaiti, ambacho kiliandika mahali walipo kila baada ya dakika 10. Majina, jina la ziwa, mwaka na kazi zao nimeviondoa kwa ridhaa yao na kwa ajili ya familia zao. Nimewaita kwa nafasi walizokuwa nazo safarini: Kiongozi, Mzee, Dereva na Kijana. Saa zote zimehesabiwa kwa Kiswahili, yaani saa 11 alfajiri ni kabla jua halijachomoza.

Mitumbwi hupinduka kila msimu katika maziwa yale, na kwa sehemu kubwa sababu zake zinajulikana. Kilichonivuta katika kisa hiki ni kwamba kila nilipomuuliza mmoja wao ni wapi mambo yalipoanza kuharibika, alinitajia tukio la majini; lakini nilipopanga maelezo yao kwa mfuatano wa saa, nilijikuta narudi nyuma, siku hadi siku, mpaka jioni ile walipokaa mezani mjini kupanga tarehe ya kurudi.

Ziwa, msimu na samaki

Katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ontario, msimu wa kuvua wolai hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Mei. Wolai ni samaki wa maji baridi anayependwa kuliko wote katika maziwa hayo, mwenye mnofu mweupe usio na miiba mingi na macho makubwa yanayong'aa yakipigwa na mwanga, kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha nuru. Utando huo humwezesha kuwinda katika giza jepesi, na ndiyo maana wavuvi humtafuta zaidi jua linapozama na linapochomoza. Mwishoni mwa Mei, akiwa ametoka kutaga mayai, bado hukusanyika karibu na midomo ya mito na katika ghuba zenye kina kifupi, ambako maji hupata joto mapema kuliko katikati ya ziwa.

Barafu katika maziwa ya eneo hilo huyeyuka kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Kwa hiyo mvuvi anayefika wiki ya kwanza ya msimu anakuta samaki wengi katika maji ambayo, siku chache tu zilizopita, yalikuwa chini ya barafu. Kifaa cha kutambulia samaki walichokuwa nacho kilionesha joto la maji ya juu kuwa nyuzi 7 za Selsiasi. Walikisoma kipimo hicho mara kadhaa kwa siku, siku tatu mfululizo, wakitafuta ghuba yenye nyuzi 8 au 9. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kukitumia kwa swali jingine.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 11 hivi, nalo limelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Kambi yao ilikuwa ufukwe wa kaskazini-mashariki, karibu na mdomo wa mto. Gari lilikuwa ng'ambo, mwisho wa barabara ya magari ya kubebea magogo. Kati ya kambi na gari kulikuwa na njia mbili: kukata ziwa moja kwa moja, kilomita 2.3 za maji wazi, au kufuata ufukwe, kilomita 7, ambazo zingechukua saa mbili zaidi kwa kupiga makasia.

Watu na vifaa

Kiongozi alikuwa na uzoefu wa misimu sita ya safari za mtumbwi Kanada. Dereva, mwenye gari, hii ilikuwa safari yake ya pili. Kijana hakuwahi kulala msituni, ila ndiye aliyekuwa mwepesi wa vifaa vya kielektroniki, na kifaa cha setilaiti kilikabidhiwa kwake. Mzee, aliyekaribia miaka 60, alikulia kando ya Ziwa Viktoria na kuvua huko tangu utotoni kabla ya kuhama. Kwa umri na kwa ujuzi wa maji, neno lake lilikuwa na uzito ambao hakuna aliyehitaji kuutangaza.

Walikuwa na mitumbwi miwili ya kisasa, kila mmoja wa mita 5 na uzito wa kilo 25 hivi. Sheria ya Kanada inataka chombo cha aina hiyo kiwe na jaketi okozi moja kwa kila mtu, kamba ya kurushia yenye urefu usiopungua mita 15 inayoelea, kifaa cha kukomba maji na kifaa cha kutoa sauti. Vyote walikuwa navyo. Sheria inawataka watu wazima wawe na majaketi chomboni. Kiongozi aliongeza sharti lake kwamba kila mtu alivae muda wote awapo majini. Mzee alinung'unika, kwani alikuwa amevua miaka mingi bila kitu hicho, kisha akalivaa bila kulifunga zipu hadi juu.

Mpango

Safari ilipangwa kuwa ya siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Kijana na Dereva walikuwa na zamu za kazi Jumatatu alfajiri, na safari ya gari hadi mjini ilikuwa ya saa tano. Hapakuwa na siku ya akiba. Kiongozi aliliona pengo hilo. Aliniambia kwamba alifikiria kupendekeza waombe ruhusa ya Jumatatu, lakini Kijana alikuwa katika miezi ya majaribio kazini, na kumfanya aombe ruhusa kwa ajili ya samaki kulionekana kuwa kumtia aibu. Suala hilo halikuzungumzwa.

Mfuatano wa matukio

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Walivua kwa chambo bandia chenye kichwa cha madini ya risasi cha gramu 7, wakikigusisha chini na kukiinua polepole, na waliwaachia samaki wengi kuliko waliowabeba. Leseni zao za uvuvi wa michezo ziliruhusu kila mtu kuwa na wolai wanne, hesabu inayojumuisha wale walio tayari kwenye jokofu nyumbani, na katika kanda nyingi za kaskazini ni mmoja tu kati yao anayeruhusiwa kuzidi sentimita 46. Hadi Jumamosi mchana walikuwa wamekula waliovua na hawakuwa na akiba ya kurudi nayo.

Jumamosi jioni upepo wa joto ulivuma kutoka kusini-magharibi, inzi weusi wakawa wengi, na samaki wakaanza kula kwa kasi ambayo hawakuwa wameiona. Jua lilizama karibu saa 4 usiku, kama ilivyo desturi ya kaskazini katika majira hayo, nao waliendelea mpaka giza lilipowashinda. Walirudi kambini na wolai 16, idadi kamili waliyoruhusiwa. Mpango wa awali ulikuwa kusafisha samaki usiku huohuo na kuondoka saa 11 alfajiri. Lakini walikuwa wamechoka, na Kiongozi hakutaka matumbo ya samaki yalale karibu na mahema kwa kuhofia dubu. Wakawafunga samaki kwenye kamba ndani ya maji, wakaenda kulala.

Kabla ya kulala, Kijana aliomba utabiri wa hali ya hewa kwa kifaa cha setilaiti. Jibu lilisema kwamba hewa baridi ingeingia Jumapili kabla ya saa sita mchana, upepo ukigeukia kaskazini-magharibi kwa kasi ya kilomita 35 kwa saa na zaidi katika mapigo yake. Alimsomea Kiongozi. Wote wawili waliridhika, kwa kuwa wakiondoka saa 11 alfajiri wangekuwa wameshavuka kabla ya upepo huo.

Hawakuvuka saa 11. Kutoa minofu ya samaki 16 kulichukua karibu saa mbili, kwani visu vilikuwa viwili na kila mnofu ulipaswa kubaki na kipande cha ngozi ili askari wa wanyamapori aweze kutambua aina ya samaki na kuhesabu. Chai, kuvunja mahema na kufunga mizigo vikachukua muda uliobaki. Sanduku la barafu, likiwa na minofu na barafu yake, lilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Lilipakiwa mwisho, likawekwa katikati ya mtumbwi wa Mzee na Kijana, juu ya mabegi yaliyokuwa yamefungwa kwa kamba. Lenyewe halikufungwa.

Saa 3 kasoro robo asubuhi walisimama ufukweni. Upepo ulikuwa umekufa kabisa na ziwa lilikuwa kama kioo. Hapa ndipo yalipofanyika mazungumzo ambayo wote wanne wanayakumbuka kwa namna moja. Kijana alisema, "Mzee, kifaa kinasema upepo unakuja kabla ya saa sita." Mzee akajibu, "Ndiyo maana twende sasa. Tukizunguka ufukweni ndipo utatukuta." Kiongozi alitazama maji, akatazama saa, akakubali.

Walikuwa wamekwenda takriban mita 900 walipoona mstari mweusi juu ya maji, upande wa kulia. Dakika chache baadaye upepo uliwafikia, na muda si mrefu mawimbi yalizidi nusu mita. Kiongozi alipiga kelele kwamba warudi. Mzee, aliyekaa tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, alianza kuugeuza mtumbwi; katikati ya kugeuka, mtumbwi ukiwa umelala ubavu kwa mawimbi, maji yaliingia, sanduku la barafu likateleza upande wa chini, na mtumbwi ukapinduka.

Kiongozi na Dereva waliweza kuuweka mtumbwi wao omo, yaani sehemu ya mbele, ikitazama upepo. Kisiwa kidogo chenye misonobari kilikuwa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, umbali wa mita 350 hivi kutoka pale. Kiongozi aliamua kutojaribu kuwapandisha waliotumbukia katika mtumbwi wake. Aliwaamuru washike mtumbwi uliopinduka, akawarushia kamba, kisha akaacha upepo uwapeleke wote kisiwani huku yeye na Dereva wakipiga makasia kuongoza. Katika dakika ya nane, kwa makadirio yao, Mzee alisema kwamba vidole havishiki. Kijana aliipitisha kamba chini ya makwapa ya Mzee na kuizungusha kwenye mikanda ya jaketi. Kumfunga mtu kwenye kamba ndani ya mawimbi ni jambo ambalo kwa kawaida singelishauri. Hapa sioni njia nyingine iliyokuwepo.

Waligusa mwamba wa kisiwa baada ya dakika 22.

Mzee alikuwa akitetemeka kwa nguvu, maneno yakimtoka yakiwa yamelegea, na hakuweza kufungua zipu yake mwenyewe. Walimlaza chali juu ya godoro la kambi nyuma ya mwamba, wakamkatia nguo zilizolowa, wakamwingiza katika mfuko wa kulalia na kumzungushia turubai. Dereva alitaka kumsugua miguu na kumtembeza "damu ichangamke". Kiongozi alikataa yote mawili. Moto ulipowaka walichemsha maji, wakayatia katika chupa, wakazifunga kwa fulana na kuziweka kifuani na kwenye makwapa. Chai yenye sukari nyingi walimpa alipoweza kushika kikombe mwenyewe.

Kifaa cha setilaiti kilikuwa ndani ya begi lililofungwa katika mtumbwi uliopinduka. Walikipata baada ya kama dakika 40. Kiongozi hakubonyeza kitufe cha dharura. Alimwandikia ujumbe ndugu yake mjini, akieleza mahali walipo na kwamba wangelala hapo. Usiku upepo ulipungua. Jumatatu saa 11 alfajiri walivuka mita zilizobaki bila wimbi.

Matokeo

Wote wanne walirudi hai. Mzee alikuwa na ganzi katika vidole vya mkono wa kushoto kwa wiki kadhaa. Walipoteza fimbo mbili za kuvulia, kasia moja, kiatu na sanduku la barafu pamoja na minofu ya samaki wote 16. Zamu za Jumatatu zilikosekana, na Kijana hakufukuzwa kazi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Majaketi yalifanya kazi kuliko kitu kingine chochote, na yalifanya kazi kwa sababu yalikuwa mwilini. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyechunguza kwa miaka mingi namna mwili unavyokabili maji ya baridi, hufundisha kanuni ya tarakimu tatu: 1, 10, 1. Mtu aliyetumbukia ana dakika 1 ya kutawala pumzi yake, dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inaweza kufanya kazi ya maana, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa. Maelezo ya Mzee yanalingana na kanuni hiyo kwa namna ya kutisha: pumzi za haraka asizoweza kuzizuia mwanzoni, kisha vidole kukataa kabla ya dakika ya kumi. Bila jaketi, mtu aliyepoteza mikono katika dakika ya nane hazami kwa baridi. Huzama kwa sababu hana cha kumshikilia juu. Zipu iliyoachwa wazi ilifanya jaketi limpande hadi kidevuni, na hilo pekee lingeweza kubadilisha hadithi.

Uamuzi wa kuufuata upepo kwenda kisiwani ulikuwa mzuri, na pia uamuzi wa kutowapandisha watu wanne katika mtumbwi mmoja. Huduma ya kwanza nayo ilikuwa sahihi. Mtu aliyepoa anapotembezwa au kusuguliwa mapema, damu baridi ya mikono na miguu hurudi kwa wingi moyoni, na hali yake inaweza kuwa mbaya zaidi baada ya kuokolewa kuliko alipokuwa majini. Kumlaza ndiko kulikotakiwa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kosa la karibu kabisa ni la kurudi nyuma. Upepo ulipowapiga, wazo la kurejea kambini lilikuja lenyewe, kwa sababu kambi ni mahali unapopajua. Lakini kugeuka kulidai mitumbwi ilale ubavu kwa mawimbi, na kimbilio la karibu lilikuwa demani, machoni pao. Kama kabla ya kuondoka wangeulizana, "Upepo ukitukuta katikati tunakimbilia wapi?", jibu lingekuwa kisiwa kile, na lingekuwa limeamuliwa na watu waliokauka.

Sanduku lisilofungwa halihitaji maneno mengi. Lilipakiwa juu ya mizigo na kupandisha uzito. Lilipoteleza, lilifanya kazi ambayo wimbi peke yake huenda lisingeifanya.

Ujuzi wa Mzee unahitaji kutazamwa kwa heshima, maana ni rahisi kuuita ukaidi. Aliyoyajua kuhusu maji yalikuwa kweli mahali alipojifunzia. Katika Ziwa Viktoria, siku ya kawaida ina mpangilio: usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu, mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Katika siku kama hiyo, mvuvi anayewahi asubuhi huukwepa upepo wa mchana. Mtumbwi wa mbao ni mzito na huliuma wimbi, na maji yenye nyuzi 25 hivi humpa mtu aliyepinduka muda mrefu wa kung'ang'ania ubao. Kaskazini, utulivu alioutazama saa 3 kasoro robo ulikuwa pengo kati ya upepo wa joto unaokufa na hewa baridi inayoingia. Mtumbwi wa kilo 25 hupeperushwa kama jani. Na maji ya nyuzi 7 hayampi mtu muda wa kung'ang'ania chochote. Mzee alisoma dalili kwa usahihi katika kitabu cha ziwa jingine.

Kijana alikuwa na taarifa sahihi na aliisema mara moja. Baada ya Mzee kujibu, alinyamaza, na anakiri kwamba kumrudia mtu wa umri wa baba yake mbele ya wengine hakukuwa jambo analoweza kufanya. Simlaumu, na sidhani kwamba dawa ni kuwafundisha vijana kubishana na wazee. Aliyekuwa na nafasi ya kusema ni Kiongozi, ambaye angeweza kuweka kanuni mjini, kabla ya uso wa mtu yeyote kuhusika: kwa mfano, kwamba baada ya saa fulani hakuna kukata ziwa, ni ufukweni tu. Alifanya hivyo kwa majaketi, na kanuni ikatiiwa. Kwa kuvuka hakufanya hivyo.

Tatizo ni kwamba kanuni kama hiyo ingedai saa mbili za ziada siku ambayo haikuwa na saa za ziada. Kila uamuzi wa Jumapili ulibeba zamu za Jumatatu mgongoni. Waliosafisha samaki walikuwa na haraka, aliyepakia sanduku alikuwa na haraka, na waliotazama ziwa tulivu waliona muda uliookolewa. Mzee bado anasema kwamba wangeondoka saa 11 wangevuka salama, na kwa kumbukumbu ya kifaa yuko sahihi. Lakini mpango unaosalimika kwa sharti kwamba watu wanne waliochoka waamke saa 10 usiku na kumaliza kila kitu kwa wakati ni mpango uliokwishapoteza akiba yake. Ninapopanga safari za mwanzo wa msimu, nahesabu siku moja ya upepo kwa kila siku nne, na waajiri huambiwa tarehe ya pili.

Jambo ambalo hatukukubaliana

Kifaa cha setilaiti kupatikana ilikuwa bahati. Mtumbwi ungetengana na watu, au kamba ya begi ingekatika, wangekuwa kisiwani bila sauti. Kifaa hicho kina kishikizo cha kufungia begani, na Kijana alikuwa nacho begani siku tatu za uvuvi. Alikiingiza begini asubuhi ya kuondoka ili kisilowe.

Kuhusu kitufe cha dharura, Kiongozi na mimi tunatofautiana. Yeye anasema kwamba kifaa kilipopatikana Mzee alikuwa ameshaanza kuongea vizuri, na hakutaka ndege irushwe katika upepo ule kwa ajili ya mtu anayepata nafuu. Mimi naona kwamba dakika ile hakuna aliyejua kama nafuu ingedumu, kwamba walikuwa na usiku mzima mbele yao kwenye mwamba wenye joto la hewa linaloshuka, na kwamba ombi la msaada linaweza kufutwa kwa ujumbe mmoja ilhali saa zilizopotea kabla ya kuomba hazirudi. Waokoaji ndio wanaojua kama ndege inaweza kuruka. Kazi ya aliye kisiwani ni kuwaeleza hali ilivyo. Nilimsomea Kiongozi aya hii kabla ya kuiandika. Akasema niiache ilivyo, ila niongeze kwamba yeye angefanya vilevile tena.